Kununua Kilicho Juu ya Mawe: Pikipiki Kuukuu na Swali la Dhima katika Nyanda za Kati

Uamuzi wa kununua au kuacha pikipiki ya zamani iliyoharibika, ambayo mnunuzi anakusudia kuifufua taratibu kwa fedha na muda wake, kwa kawaida huzungumzwa kana kwamba ni hesabu ya bei na spea tu, na wanaoombwa ushauri hujibu kwa kutaja gharama ya ringi, bei ya tairi na jina la fundi anayeaminika. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Chombo kilicho juu ya mawe, kama madereva na mafundi wa Tanzania wanavyokiita chombo cha moto kilichokwama kwa ubovu, humkabidhi mnunuzi si hali yake ya leo peke yake, bali pia mambo ambayo yeye hayajui, ambayo muuzaji pengine hayajui, na ambayo yatajulikana tu baada ya fedha kutoka mfukoni. Swali linaloibuka hapo, ambalo mafakihi wa Kiislamu na wanateolojia wa Kikristo wamelishughulikia kwa karne nyingi kwa mifano ya nafaka, nyumba na farasi, ni kama mtu anaruhusiwa kujitwika jambo asilolijua mwisho wake, na kama anaruhusiwa, ruhusa hiyo inasimama juu ya nini. Msimamo unaotetewa katika kurasa hizi ni kwamba ruhusa hiyo haisimami kwanza juu ya thamani ya chombo wala juu ya mapenzi ya mnunuzi, bali juu ya dhima, yaani wajibu wa kubeba matokeo: kununua kibovu ni tendo jema pale ambapo mwenye kuamua ndiye atakayeumia mambo yakienda mrama, na ni dhuluma pale ambapo maumivu hayo, kwa kujua au kwa kutofikiri, yameelekezwa kwa wengine.

Nyanda za kati za Tanzania, yaani Dodoma na Singida pamoja na wilaya zake kama Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Bahi na Manyoni, zinafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu ya hali ya hewa na kwa sababu ya historia. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hivyo chuma kilichoachwa uani huko hakiliwi na kutu kwa kasi inayoonekana Tanga au Unguja, ambako upepo wa chumvi hautoi nafasi. Jua na vumbi, kwa upande wao, hufanya uharibifu wa namna nyingine, kwani mipira ya tairi na ya mabomba ya petroli hukauka na kupasuka, viti huchanika, na vumbi laini la barabara za udongo, likishapita kwenye chujio la hewa lililochoka, husaga silinda na pistoni kidogo kidogo hadi injini inaanza kula oili. Ndiyo maana pikipiki ya miaka arobaini inayokutwa katika kijiji cha bara hili kavu huweza kuwa na fremu nzima na tangi lisilotoboka, ilhali injini yake imekwisha kabisa. Macho huiona nzima kuliko ilivyo, na jambo hilo, kama itakavyoonekana, lina uzito wa kimaadili.

Kihistoria, pikipiki katika nyanda hizi ilikuwa chombo cha watu waliotumwa. Reli ya Kati, ambayo ndiyo iliyoizaa Dodoma kama mji enzi za Wajerumani, ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini aliyetaka kwenda nje ya njia ya reli alibaki na miguu yake. Na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoingia, majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yaliyofika Kondoa mwezi Aprili 1916 na kuitwaa Dodoma mwezi Julai mwaka huo yalitoka katika nchi, Afrika Kusini, iliyoleta Afrika Mashariki hata kikosi cha waendesha pikipiki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuja pikipiki za Kiingereza kama BSA, na baadaye Honda, Suzuki na Yamaha za Kijapani, zikiendeshwa na mchungaji aliyekuwa na makanisa ya mitaa mingi, na bwana shamba, na bwana mifugo, na mhudumu wa afya. Leo barabara za Dodoma zimejaa pikipiki mpya za Kihindi na Kichina zinazobeba abiria, na zile za kale zimebaki nyuma ya nyumba, katika ua wa taasisi au kwenye orodha ya mnada wa mali chakavu za umma, ambako tangazo husema kwamba vyombo vitauzwa kama vilivyo na mahali vilipo.

Mtu anayeikagua pikipiki ya namna hiyo huanza na yanayoonekana. Hutoa plagi na kuisukuma kiki kwa mkono, polepole. Ikiwa haishuki, pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda, na ikiwa plagi ikirudishwa kiki bado inashuka bila ukinzani wowote, basi kompresheni, yaani mgandamizo unaowezesha mchanganyiko wa hewa na petroli kuwaka kwa nguvu, imepotea. Hulegeza boliti ya kumwagia oili, akapaka tone moja kwenye kidole gumba na kukielekeza juani, kwa kuwa chembe zinazometameta ndani ya oili ni ushahidi kwamba chuma kinakula chuma. Hupitisha ukucha kwenye shingo ya fremu, mahali namba ya fremu ilipogongwa, kuona kama rangi mpya imefunika alama ya kuchomelea. Akiwa mbele ya Yamaha AG100, pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba na yenye cheni iliyofunikwa isipate vumbi, atauliza juu ya pampu ndogo inayopeleka oili kwenye injini, maana injini hiyo ni ya mipigo miwili, isiyo na oili ya kudumu chini yake kama injini za mipigo minne, na pampu ikifa bila dereva kujua, pistoni hufa nayo. Akiwa mbele ya BSA ya miaka ya 1950, atagundua kwamba spana za milimita zilizo katika sanduku la kila fundi wa Majengo au Sabasaba mjini Dodoma hazikai sawasawa kwenye boliti zake, kwa kuwa zilikatwa kwa vipimo vya kale vya Kiingereza, na kwamba kiwanda chenyewe kilikwisha kuanguka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baada ya hayo yote ukaguzi hufika mwisho wake, na mwisho huo unakuja mapema: hali ya beringi za krenki, ya meno ya gia na ya nyaya zilizozeeka ndani ya ala zake haijulikani mpaka injini ifunguliwe, na hakuna muuzaji anayekubali ifunguliwe kabla ya kulipwa.

Fikihi, yaani elimu ya hukumu za sharia ya Kiislamu, huuita ujinga wa namna hii gharari, nayo ni hali ya kitu kinachouzwa, au bei yake, au makabidhiano yake, kufichika kiasi cha kuufanya mkataba uelekee kwenye bahati nasibu. Waswahili wa dini zote wanalielewa jambo hilo wanaposema kwamba mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini mafakihi hawakuiharamisha gharari yote, kwa sababu wangefanya hivyo wangelifunga soko. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277, ambaye vitabu vyake ni nguzo za madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ukiwamo umma wa Kondoa, alieleza kwamba ile gharari ndogo isiyoepukika inasamehewa, na mifano inayotolewa ni msingi wa nyumba, ambao mnunuzi hauoni, na pamba iliyoshonewa ndani ya joho. Beringi za krenki zinaweza kuwekwa katika fungu hilo bila tabu, kwa kuwa haiwezekani kuziona bila kuharibu kinachouzwa, na kila anayenunua injini kuukuu anajua kwamba anaingia humo.

Mkazo uko kwingine, yaani kwenye kile ambacho muuzaji anakijua na mnunuzi hakijui. Sharia humpa mnunuzi khiyari ya kasoro, maana yake haki ya kurudisha kitu pale inapodhihirika kwamba kilikuwa na ubovu uliofichika kabla ya mauziano, na hadithi mashuhuri ya Mtume aliyeingiza mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, akakuta chini yake kuna unyevu ambao haukuonekana juu, imewekwa na wanavyuoni katika msingi wa mlango huo. Je, muuzaji anaweza kujitoa kwa kusema tangu mwanzo kwamba anauza kwa sharti la kutowajibika kwa kasoro yoyote? Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaj, anachagua kauli hii: sharti hilo humwondolea muuzaji dhima ya kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na halimwondolei kingine chochote. Mnyama alitengwa kwa sababu mwili ulio hai hubadilika na kuficha maradhi ambayo hata mwenyewe hayajui. Inafaa kuuliza, kwa heshima, kama injini iliyofungwa ambayo haijawaka kwa miaka kumi haifanani zaidi na mnyama kuliko na lundo la nafaka. Na hata jibu likiwa ni ndiyo, kizingiti kinabaki palepale, kwamba aliyejua hasameheki kwa maneno ya jumla.

Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, miaka mitatu tu kabla ya Nawawi, alifika mahali pa karibu sana kwa njia nyingine. Katika Summa Theologiae, anapojadili udanganyifu katika kununua na kuuza, anatofautisha kasoro iliyofichika, ambayo muuzaji analazimika kuitaja kwa kuwa yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, na kasoro iliyo wazi, kama ya farasi mwenye jicho moja, ambayo si lazima kuitaja ili mradi bei imepunguzwa kama inavyostahili. Pikipiki isiyo na tangi ni farasi mwenye jicho moja. Pikipiki ambayo fremu yake iliwahi kukatika ikachomelewa na kupakwa rangi si farasi wa namna hiyo, kwa kuwa fremu hiyo ikikatika tena kwenye mteremko anayekufa ni dereva, na hapa hali ya hewa ya nyanda za kati inazidisha wajibu: pale ambapo chuma huonekana kizima kwa sababu ya ukame tu, muuzaji anayenyamaza anafaidika na udanganyifu ambao hakuutenda kwa mkono wake.

Sheria ya nchi haifiki mbali hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, huweka masharti ya ubora kwa mfanyabiashara wa bidhaa husika, lakini mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwa kawaida haihesabu ukimya peke yake kuwa ni ulaghai. Maneno ya mnada, kama vilivyo na mahali vilipo, yanapumzika juu ya mto huo wa sheria. Yana uhalali wake pale ambapo taasisi ya umma inauza vyombo vingi ambavyo afisa wake hakuwahi kuviendesha na havijui. Yanapochukuliwa na mtu binafsi aliyeiendesha pikipiki ile kwa miaka ishirini na anajua ni gia ipi inaruka, hayo ni maneno ya kuficha, na sheria ikiyavumilia, dhamiri haiyavumilii.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba katika mauzo ya kibovu mwenye nafasi ya kudhulumu ni muuzaji peke yake. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 20, kinamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya mwenyewe, kisha akiisha kuondoka nacho hujisifu kwa alichokipata. Na pikipiki za kale humweka mtu kwenye jaribu hilo kuliko bidhaa nyingine, kwa sababu anayejua thamani yake mara nyingi ni mgeni kutoka mjini, na anayeiuza ni mjane ambaye kwake ni chuma kilichozuia kuku kutagia pembeni ya banda. Dalali akimwambia mama huyo kwamba hiyo ni skrepa, na bei yake ni ya kilo, huku mnunuzi amekwisha kuiona namba ya fremu na kujua ni ya mwaka gani, kinachofichwa si kasoro bali uzuri, na hakuna sababu ya kanuni ya kumtaka muuzaji aseme analojua isimhusu mnunuzi pia pale ambapo ujuzi wote uko upande wake. Thoma mwenyewe alikataza muuzaji kuongeza bei kwa sababu ya shida ya mnunuzi. Ujinga wa mjane ni aina ya shida.

Hapo hapo kuna swali la nani hasa anauza. Pikipiki nyingi za umri huo zina kadi, yaani hati ya usajili yenye namba ya fremu na ya injini, iliyoandikwa jina la mtu aliyekwisha kufariki, na mali ya marehemu, iwe kwa sharia ya Kiislamu ambamo warithi wote wana fungu katika kila kitu mpaka kigawanywe, iwe kwa utaratibu wa mahakama ya mwanzo inayomteua msimamizi wa mirathi, si ya mtoto mmoja aliyebaki nyumbani na ufunguo. Mnunuzi anayelipa haraka ili mambo yasiwe mengi, kwa imani kwamba suala la kadi litatafutiwa njia baadaye, amenunua ugomvi wa ndugu na kuupa jina la bahati. Kuchelewesha ununuzi kwa miezi mpaka msimamizi apatikane ni sehemu ya bei, na asiyeweza kuilipa sehemu hiyo hajaweza kununua.

Mfano mkubwa kuliko wote wa kununua mashine mbovu kama mradi katika nyanda hizi haukuhusu pikipiki, na ni wa kutazamwa kwa makini kwa sababu walioutenda hawakuwa walaghai. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikibanwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha katika Tanganyika mradi wa karanga uliokusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 kwa makadirio ya awali ya pauni milioni 25, na Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ikawa kituo chake cha kwanza. Matrekta mapya hayakupatikana kwa idadi iliyotakiwa, hivyo yakanunuliwa matrekta na tingatinga zilizokuwa mabaki ya majeshi, mengine kutoka mbali kama Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mengi yalifika yakiwa mabovu au yaliharibika mapema, aina zilikuwa nyingi kiasi kwamba spea ya hili haikufaa kwa lile, mafundi wenye ujuzi walikuwa wachache, na udongo wa Kongwa, ambao wenyeji walijua tabia yake, ulikauka na kuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe. Mradi ulifutwa Januari 1951, na hasara iliyofutwa vitabuni ilizidi pauni milioni 35.

Mara nyingi kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ujinga wa kilimo, na ni kweli kwamba mvua za Kongwa hazikuchunguzwa ipasavyo. Kwa swali linalojadiliwa hapa, kilicho muhimu zaidi ni mpangilio wa dhima. Waliotia saini hati za manunuzi hawakuwa mafundi wa karakana waliopaswa kuyafufua matrekta yale usiku na mchana, wala hawakuwa walipa kodi wa Uingereza walioibeba hasara, wala hawakuwa Wagogo ambao vichaka vyao vya malisho viling'olewa na ambao hawakuulizwa. Gharari ilikuwa kubwa, lakini ukubwa wake peke yake haukuwa kosa. Mtu mmoja aliyenunua tingatinga moja bovu kwa fedha zake, akashindwa, angestahili pole. Kosa lilikuwa kwamba yule aliyekuwa na mamlaka ya kusema ndiyo hakuwa na sehemu yoyote ya mwili wake mahali ambapo jambo lingeumiza, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuliza kwa bidii ambayo mtu huuliza anapotoa chake.

Muundo huohuo, kwa kimo kidogo, hupatikana ndani ya nyumba. Baba anayenunua pikipiki ya kale kwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya mahindi ya Januari na Februari, miezi ambayo katika Ugogo ghala la mwaka jana limekwisha na shamba bado halijatoa, ameamua kwa kinywa chake na kulipa kwa matumbo ya wengine. Nchi hii ina kumbukumbu ndefu ya mambo hayo. Njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ilifuata miaka ambayo majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na kwa Wagogo ng'ombe hakuwa anasa bali akiba inayozaa, inayoposa na inayobadilishwa kwa chakula mvua inapokosekana. Anayeuza ng'ombe leo ili anunue chuma kisichowaka anabadilisha kinachozaa kwa kinachokula, na hana budi kulitazama hilo bila kujifariji. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Na ingawa mfano ule unahusu gharama ya kumfuata, hekima ya kawaida iliyomo ndani yake, kwamba kuanza ni ahadi ya kumaliza, ilieleweka na wasikilizaji kwa sababu walikuwa wameiona minara ya namna hiyo. Uislamu nao hukemea israfu, yaani kuvuka kiasi katika matumizi. Kiasi hicho hakipimwi kwa bei ya kitu, kwa kuwa tajiri na maskini hawana mizani moja, bali kwa haki za watu ambazo fedha ile ilikuwa tayari imefungwa nazo.

Wapo watakaosema, basi, kwamba katika nchi yenye njaa ya mara kwa mara mradi wowote wa kufufua kitu cha zamani kwa sababu ya kukipenda ni israfu, na aliye na fedha ya ziada na ampe mwenye haja. Pingamizi hilo ni la heshima na halijibiwi kwa kusema kwamba kila mtu ana starehe yake. Hujibiwa, kama linajibika, kwa kutazama ni nini hasa kinachonunuliwa. Anayenunua skrepa hununua maada, yaani chuma na aluminiamu kwa uzito; anayenunua pikipiki mbovu kwa nia ya kuifufua hununua umbo, kwa maana ya kifalsafa ya neno hilo tangu Aristotle, yaani mpango unaofanya vipande vile viwe kitu kimoja chenye kazi. Umbo hilo liliwekwa na akili na mikono ya watu, likahifadhiwa na mikono mingine barabarani kwa miongo, na likiyeyushwa halirudi. Nabii Yeremia, katika sura ya 18 ya kitabu chake, alipelekwa nyumbani kwa mfinyanzi akaona chombo kilichoharibika mkononi mwake kikifinyangwa upya, na kilichomfundisha nabii pale ni kwamba ubovu haumalizi uhusiano wa mtengenezaji na udongo. Mtu aliyekidhi haki za watu wake, kisha akatumia jioni zake kurudisha umbo lililokuwa linapotea, na akamlipa fundi mzee wa Mpwapwa ujira wa ujuzi ambao hakuna mteja mwingine anauuliza tena, hajaiibia nchi yenye njaa. Ameweka fedha mikononi mwa mtu, na ujuzi mikononi mwa kijana anayeshika taa pembeni.

Umbo, lakini, lina mipaka, na falsafa ya kale ililijua hilo. Plutarch anasimulia kwamba Waathene walihifadhi jahazi la Theseus wakibadilisha mbao zilizooza moja baada ya nyingine, mpaka wanafalsafa wakabishana kama lile ni jahazi lilelile; na Thomas Hobbes, katika karne ya 17, akauliza itakuwaje mtu akizikusanya mbao zilizotolewa na kuunda jahazi la pili. Swali hilo linaweza kuonekana la darasani, ila katika pikipiki lina jibu la ofisini, kwa kuwa kadi inataja namba ya fremu na ya injini, na anayebadilisha injini anatakiwa kuliweka wazi badiliko hilo kwa mamlaka ya usajili. Kimaadili jibu liko karibu na hapo: pikipiki hubaki ileile kadiri badiliko linavyofanywa kipande kwa kipande, kwa kuihudumia kazi ileile, na kwa kusemwa wazi. Aliyefunga injini ya Kichina kwenye fremu ya Honda ya kale hajatenda kosa lolote, kwa kuwa amekifanya chombo kitembee. Anayemuuzia mwingine chombo hicho kwa jina la Honda kamili ya mwaka fulani ametenda kosa lilelile la lundo la nafaka lenye unyevu chini.

Dhima ya mnunuzi inamfikia pia fundi, na hapa watu wengi wema hujikwaa. Pikipiki hupelekwa karakana kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye. Injini hufunguliwa, ubovu hugeuka kuwa mkubwa kuliko ulivyodhaniwa, mwenyewe hupunguza kuja, kisha haji kabisa, na fundi hubaki na fremu inayokalia nafasi ya kazi nyingine na sanduku la vipande ambavyo hawezi kuuza wala kutupa. Gharari ambayo mnunuzi aliikubali kwa moyo mkunjufu imehamia kwa mtu ambaye hakuulizwa, na imehamia kimyakimya, bila mkataba ambao fakihi yeyote angeweza kuukagua. Kwa sababu hiyo ni bora kuifungua injini baada tu ya kuweka fedha za kuifunga tena, hata kama hazitoshi kuifufua, ili fundi asigeuzwe mdhamini wa ndoto ya mwingine.

Linabaki suala la kushindwa, ambalo waandishi wa maadili hulipita haraka mno. Mtu aliyehesabu gharama vizuri bado anaweza kufika mahali ambapo krenki haipatikani, au kazi imeisha, au ugonjwa umeingia nyumbani, na ahadi aliyoiweka kwa chuma haiwezi kushinda ahadi alizoweka kwa watu. Kuacha, katika hali hiyo, si aibu wala dhambi, lakini kuna namna ya kuacha inayotimiza dhima na namna inayoikimbia. Vipande vilivyofunguliwa vikikusanywa na kuwekwa pamoja, boliti za kila sehemu katika kopo lake, karatasi ikaandikwa ni nini kilipimwa, nini kilibadilishwa na nini hakikuguswa, kadi ikiwa imekwisha kuhamishwa kwa jina la aliyenayo, chombo hicho kinaweza kuuzwa kwa haki kwa bei ya chini kwa mtu mwingine, na gharari yake itakuwa imepungua kuliko siku kilipotoka uani kwa marehemu. Kikiuzwa vipande vipande kwa madalali wa spea, fremu kwa huyu na injini kwa yule, muuzaji anaweza kupata fedha zaidi, naye ana haki hiyo mradi aseme kila kipande kimetoka wapi, ingawa atakuwa amekipeleka mwenyewe kwenye kilo kile alichokinunua ili kisifike huko.